Treni ya Butere

Jumapili, Free Area

Nimeshindwa kuendelea kusoma riwaya yangu. Nilifika pale msichana wa miaka tisa anaposhuka basi peke yake, katikati ya Amerika ya zamani, akimtafuta shangazi yake, nikamkumbuka mdogo wangu Rozi.

Mama alipofariki, Baba, aliyekuwa fundi wa reli hapa Nakuru, alitupandisha treni twende kwa nyanya Butere. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Rozi sita. Maisha yangu yote nimewasimulia watu vile Rozi alilia njiani, nami nikambembeleza.

Hatujaongea tangu tumzike Baba, miaka mitatu sasa. Leo mchana nikampigia, nikiogopa hatashika simu. Alishika. Nikamweleza habari za kitabu na ile safari yetu.

"Wewe ndiye ulilia," akasema. "Kutoka Njoro mpaka Londiani. Mimi nilikuwa nakuimbia."

Nilitaka kubisha. Lakini nikaukumbuka mkono wake mdogo, ukinipapasa mgongoni.

"Rozi, nisamehe."

"Kwa kulia?"

Tukacheka mpaka nikashindwa kupumua. Jumamosi anakuja, na amesema atalala.