Kompyuta Imevimba: Mume Aibana, Mimi Nataka Kuitumbua

Mpendwa Shangazi, naomba utuamulie ugomvi huu kabla hatujanuniana hadi mwezi ujao. Mimi ni nesi wa chumba cha vidonda, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mume wangu ni seremala, na binti yetu anamalizia chuo, na kompyuta yake ya mkononi imeanza kuvimba tumbo, kwanza ule mraba wa kusogezea mshale ukanyanyuka, kisha mfuniko ukagoma kufunga, na sasa ukiiweka mezani inayumba, hata jirani akatucheka, "Hongereni, mnapata mjukuu!" Mume wangu kasema uvimbe dawa yake kubanwa, akaitia kwenye jiliwa lake la mbao, nikapiga kelele mpaka akailegeza, mimi nasema jipu likiiva hutumbuliwa, nimeshaikanda kwa barafu na sindano ninayo tayari. Kinachoniuma zaidi ni kwamba binti aliniuliza, "Mama, hii ni salama kweli?" nami, kwa kuwa utafiti wake wote umo humo na anaukabidhi Ijumaa, nikamjibu, "Ni joto tu mwanangu, endelea," naye anaandika kitandani, ikichajiwa juu ya godoro, na tangu hapo sina raha. Nani kati yetu yuko sahihi?

Nesi wa Vidonda

Nesi, pole sana. Hakuna aliye sahihi. Mmoja anabana, mwingine anatafuta pa kutoboa, na betri ya watu iko katikati inawashangaa! Hilo si jipu, mama, ni betri ya kompyuta iliyovimba. Ndani hamna usaha, mna gesi, na ukiichoma sindano itakujibu kwa moto. Jiliwa nalo ni vilevile. Barafu waachie walioteguka vifundo.

Mgonjwa akikushinda pale kazini, si unampa rufaa? Basi huyu rufaa yake ni kwa fundi wa kompyuta, leo hii. Chomoa chaja, izime, na isiwashwe tena, hata kwa "namalizia sentensi moja tu". Ikisubiri kupelekwa, ikae sakafuni kwenye saruji, mbali na mapazia. Ikianza kutoa moshi, tokeni nje wote mwite zimamoto. Utafiti hauko kwenye betri, uko kwenye diski, na fundi akishaitoa betri ataunakili.

Ukienda kununua betri mpya, usiseme "nipe kama ile nyeusi". Namba imeandikwa kwenye betri ya zamani. Ifanane herufi kwa herufi, na volti zilingane. Muuzaji akikuapia kuwa yake inakaa na chaji mara tatu ya ile ya mwanzo, mshukuru, uondoke. Chukua mpya, si iliyochomolewa kwenye mashine ya marehemu, na udai dhamana ya maandishi. Iliyovimba usiitupe kwenye taka. Mwachie fundi aipeleke zinakokusanywa.

Mumeo naye nina kazi yake. Msomi mzima anaandikia kitandani nyumbani kwa seremala? Aone haya, achonge meza.

Hayo yote ni mepesi. Zito ni lile "joto tu" lako, na hapo nimekukasirikia. Mgonjwa usiyemjua usingemdanganya hivyo. Binti yako alihisi hatari, akauliza, na kwa kuwa anakuamini akarudi kukaa nayo godoroni. Weka gazeti chini, nenda chumbani kwake sasa hivi, umwambie: "Mwanangu, nilikudanganya. Inuka hapo."