Ufunguo Uliokuwa Kwenye Kapu la Nguo Chafu

Mkubwa Wanjala,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye salamu. Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa salamu. Ukiwasimulia watu filamu za Wazungu kwa Kiswahili, katikati ya ngumi na risasi ulikuwa unaisimamisha ili umsalimie mama fulani wa Kamukuywa na kumwambia mbuzi wake aliyepotea ameonekana. Mimi hata kukuuliza hali naona haya, maana hali yako naijua. Umelala Sirisia, nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na mwaka umeshapita.

Basi nikupe habari. Ule ukumbi wetu wa video hapa Kitale ulifungwa. Mwenye jengo amefungua duka la simu, na mabenchi yalichukuliwa na kanisa moja la mabati. Watu siku hizi wanatazama filamu kwenye simu zao. Mimi bado nasimulia, ila nasimulia peke yangu chumbani, blanketi nimelitundika dirishani ili kelele za tuktuk zisiingie, kisha naituma mtandaoni. Wananiita Dijei Mako. Hawajui kwamba kila mbinu niliyo nayo niliiokota kwako: kuwapa wale Wazungu majina ya kwetu, kunyamaza kidogo kabla ya jambo kubwa, kuitazama filamu mara tatu kabla ya kufungua maikrofoni. Hiyo ya mwisho, kusema kweli, siifanyi.

Ninachotaka kukuambia kinahusu ile ya hoteli.

Unaijua kuliko mimi. Majambazi wanavamia hoteli kubwa siku ya harusi. Wanavaa sare za wahudumu, wanawafungia wageni ukumbini kwa mnyororo na kufuli, na polisi wako nje wakibishana nani aingie kwanza. Watakaowaokoa mateka ni watu ambao hakuna aliyewahesabu: mpishi mwenye goti bovu, mama wa kufua, na kijana wa kuosha vyombo. Mpishi ulimwita Mzee Simiyu. Mama wa kufua ulimwita Nekesa, na alipomchapa jambazi usoni kwa shuka lililolowa, ukumbi wetu mzima ulisimama. Yule wa vyombo, risasi ya kwanza tu, aliruka ndani ya kapu la nguo chafu akajifunika. Kila bunduki ikilia, kapu linatetemeka. Huyo ukampa jina langu.

"Makokha ako wapi?" sauti yako ilikuwa ikiuliza kila mara. "Makokha ako kwa kapu."

Ulikuwa umeirekodi peke yako, bila kuniambia, na Jumamosi hiyo mchana tulikuwa tunaionyesha kwa mara ya kwanza. Wewe umeketi mbele, mimi nimesimama mlangoni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini unakumbuka kwamba wiki mbili kabla yake, mlevi mwenye panga aliingia ukumbini akatangaza kwamba hatoki mtu. Wewe ulimtania na kumbembeleza mpaka akakupa panga lake umshikie. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nimechutama. Waliokuwepo waliniona. Kwa hiyo mwanabodaboda mmoja alipogeuka akanionyesha kidole, akasema, "Si ni yeye kabisa, bana," niliona umenianika mbele ya watu kama mahindi juani. Nikashika mlango nitoke. Uliniona.

"Keti kwanza," ulisema. "Haijaisha."

Sikuketi.

Jumatatu asubuhi nilifungua kompyuta yetu ya kazi nikafuta sauti yako. Si ile ya hoteli peke yake. Nilifuta kila kitu kilichokuwa na jina lako, kazi ya miaka na miaka, kwa kubonyeza kidole mara mbili. Halafu nikaisimulia filamu ile upya kwa sauti yangu, bila kuitazama kwanza, na yule wa kwenye kapu nikampa jina lako. Nilijiambia kwamba nakusaidia, ati vijana wa mjini wanakucheka unavyochanganya la na ra. Huo ulikuwa uongo. Walikupenda hivyo hivyo ulivyokuwa. Mimi mwenyewe nikikasirika huzichanganya.

Nilipofika mwisho wa filamu nikaona ni nani anayefungua mlango. Maikrofoni ilikuwa wazi, nikaendelea kubwabwaja. Ningeweza kusimama pale nikuombe msamaha siku iyo hiyo.

Hukuja kazini Jumatatu hiyo. Walikuwa wamekukimbiza hospitalini Bungoma. Siku ya nne ulinipigia simu, ukauliza kama watu wa wiki hiyo waliipenda ile ya hoteli. Nikasema waliipenda. Ukauliza, "Warifika mwisho?" Nikasema walifika. Ukasema basi ni sawa, na sauti yako ilikuwa ndogo mno, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Sikuisikia tena. Mpaka leo sijui ulikuwa unaniuliza mimi au unauliza juu yao.

Mwezi uliopita Mama Nafula, mke wako, alinipigia. Alisema ibada ya kumbukumbu imekaribia, na Khaemba, kitinda mimba wenu, anauliza baba alikuwa anaongeaje. Simu yake yeye ni mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, haina kitu ndani. Aliniambia, "Wewe ndio uko na sauti yake. Hata kidogo tu, mtoto asikie." Nikamwambia kompyuta iliungua. Alinipa pole, Mkubwa. Mke wako alinipa mimi pole.

Ndipo nikaanza kuzunguka. Wauza filamu wa Kitale walikuwa wameshatupa CD zote za zamani. Nyingine niliziona kando ya barabara zimetundikwa mashambani kufukuza ndege. Kinyozi wa Sirisia alikuwa nayo moja, imekwaruzika hadi haisemi chochote. Nilikuwa nimekata tamaa nilipoingia kwa Mama Rasto pale Kamukuywa, kwenye kile kihoteli ulichokuwa ukisimama kula chapati kila ukienda nyumbani. Aliniuliza mbona nimekonda. Nilipomweleza ninachotafuta, aliingiza mkono kwenye mkebe wa majani chai akatoa flashi iliyofungwa kwa nailoni, ndani yake ile ya hoteli kwa sauti yako. Ulikuwa umempa Ijumaa ile, siku moja kabla ya kuionyesha Kitale. Wateja wake wameitazama mpaka wanayajua maneno.

Niliketi hapo, mbele ya televisheni yenye vumbi la unga, nikaitazama yote. Wale majambazi walipovaa sare za wahudumu walikuwa wametupa suruali zao kapuni, na ufunguo wa kufuli ulikuwa umesahauliwa mfukoni. Kumbe huyo Makokha wako alikuwa ameukalia muda wote. Akatoka kapuni, soksi ya mtu ikimning'inia sikioni, magoti yakigongana, akaanza kwenda mlangoni. Hapo ukanyamaza, vile ulivyonifundisha. Kisha ukasema polepole:

"Mrimcheka Makokha, eh? Sasa angarieni nani ako na ufunguo. Huyu kijana wangu anaogopa, hata mimi najua anaogopa. Rakini anaogopa akitembea."

Chapati yangu ilipoa pale mezani. Mama Rasto alienda nyuma kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, ili nilie bila kutazamwa.

Jumamosi iliyopita tuliionyesha nyumbani kwako, chini ya hema, baada ya mahubiri. Khaemba alisimama karibu na spika akaweka kiganja chake juu yake, na hakukiondoa mpaka mwisho. Pale ulipocheka, naye alicheka. Filamu ilipoisha, Mama Nafula alisimama mbele ya ndugu zako na waumini wote akanishukuru kwa kuitunza sauti ya mume wake. Nikasema, "Karibu, mama." Wakapiga makofi. Wakati wa chakula aliniletea sahani yeye mwenyewe, na kando ya ugali ameniwekea firigisi.

Unajua firigisi ni ya nani katika nyumba ile. Miaka minane nimekula kwenu, na kila kuku alipochinjwa niliiona ikija kwako, hakuna aliyeuliza. Na mimi nikaila. Niliimeza karibu nzima, sikusikia ladha yake, naye amesimama pale akinitazama kwa furaha. Nimezoea aibu ya kuchekwa, hiyo mtu hulala nayo ikaisha. Hii ya kushukuriwa haiishi. Nimejaribu kuioga, nimejaribu kuiombea. Tangu siku hiyo sijafungua maikrofoni, na wafuasi wangu wanauliza kama ninaumwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ulinijua. Nilidhani unanicheka, kumbe ulikuwa unawapeleka watu polepole mpaka mahali ambapo wangenipigia makofi. Ulikuwa umeitazama mara tatu, ulijua inakoelekea. Mimi nilitaka nishinde filamu ikiwa bado katikati.

Kesho naenda Sirisia. Nitashuka Kamukuywa kwanza nimrudishie Mama Rasto flashi yake, maana aliyeitunza sauti yako ni yeye, si mimi, na Mama Nafula inafaa alijue jina lake. Nakala moja nimemtengenezea Khaemba, nimeiweka kwenye mkebe wa majani chai kama nilivyofundishwa. Kisha nitamwambia mke wako kwamba kompyuta haikuungua. Nitamwambia nilichofuta, siku gani, na kwa sababu gani, na mtoto akiwepo naye asikie. Anaweza kunifukuza. Anaweza kuniita majina ambayo hata wewe hukuwahi kumpa jambazi yeyote. Ana haki hiyo.

Naogopa, Mkubwa. Naogopa kuliko siku ile ya panga. Lakini viatu nimeshavipiga brashi, viko hapa mlangoni.

Nakuahidi hivi: chochote atakachosema Mama Nafula, sitashika mlango. Nitaketi mpaka iishe.

Pumzika vyema. Ni mimi,

Makokha wa kwenye kapu.