Jina Aliloligeukia

Jumamosi, 2 Agosti

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili hadi vidole vimekufa ganzi. Nusu yao wameandika kwamba Wajerumani walikuja Mwanza kuvua samaki. Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nikapata wazo.

Safari. Mimi na Doto wangu, sikukuu ya Nane Nane, kwenda na kurudi. Asubuhi Mwanza: ile nyumba ya Wajerumani juu ya mawe, mitaa ya zamani ya katikati ya mji. Mchana tunavuka daraja jipya, tunakwenda Geita kushuka mgodini. Jioni tumerudi nyumbani Shinyanga. Wenzangu wanapelekwa na wachumba wao kula kuku. Mimi wangu nampeleka chini ya ardhi.

Nimeshaandika ratiba yenye saa. Harusi yenyewe ni tarehe thelathini, baada ya hapo itakuwa vyombo na wakwe.

Jumapili, 3 Agosti

Mchungaji kasema matangazo ya ndoa yetu yanaanza Jumapili ijayo. Mara tatu, halafu basi, nimeolewa.

Nimempa Doto ratiba nje ya kanisa. Kwa Mwanza alitabasamu. Alipofika kwenye mgodi akakunja karatasi. Eti mbali. Eti twende Mwadui tukatazame shimo la almasi kwa mbali, au Kolandoto kwa shangazi yake tukanywe soda.

Soda! Nimenuna mpaka nyumbani.

Jumanne, 5 Agosti

Bado anakwepa. Jana alisingizia tairi za gari tunaloazima kwa mjomba wangu, leo vumbi na kifua. Mwanaume mzima anaogopa shimo. Nimemwambia hivyo hivyo. Hakucheka, na yeye hucheka kwa kila kitu.

Mwenzangu wa ofisini ana kaka yake, msimamizi kwenye mgodi mdogo wenye leseni, mbele ya Geita mjini. Wanapokea wageni. Nilipolitaja jina la mahali Doto aliketi. Kisha akasema, "Haya, twende."

Sijui kilichombadilisha na sitaki kujua. Nimeshinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijalala. Kumekucha, naandika. Niandike kwa mpangilio, nisije nikapasuka.

Mwanza ilikuwa nzuri. Hilo libaki limeandikwa. Nilimpandisha kwenye mawe nikamhubiria habari za Wajerumani, akanyoosha kidole kama mwanafunzi: "Mwalimu, swali." Yeye mwenyewe mwalimu wa hisabati, shule ya msingi. Nilimpenda sana saa ile. Kwenye daraja akanyamaza. Nikadhani ni njaa.

Tulifika machimboni saa saba. Karasha zinasaga mawe ya dhahabu, husikii hata mawazo yako, vumbi hadi kwenye kope. Tukaingia kibanda cha mama lishe, mwanamke wa makamo, Mama Hepi. Nikaagiza ugali na sato. Doto alikuwa nje, ametupa mgongo, ananawa mikono. Mama Hepi akamwangalia. Akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Kulwa?"

Doto akageuka.

Aligeuka mwili mzima, kabla hajafikiri. Miaka miwili namwita Doto, na lazima nimwite mara mbili ndipo asikie. Siku zote nilidhani ana matatizo ya masikio.

Sahani ilimdondoka Mama Hepi. Akapiga yowe. "Kulwa tulimtoa kwenye duara amekufa! Nilimfunika kwa kitenge changu mwenyewe!" Duara ndilo shimo la mgodi. Doto akamkimbilia. "Mama, mimi ni Doto. Pacha wake." Mama Hepi akamshika uso, akalia, akacheka, akatuongezea samaki.

Mimi nilibaki na tonge mkononi. Kila mtu anajua Doto ana Kulwa wake, na nilimuuliza siku ya kwanza. Aliniambia Kulwa alikufa kwa homa. Mgodi hakuutaja hata siku moja.

Nilitaka tuondoke. Yeye ndiye aliyesema tushuke. Msimamizi alinitazama vibaya, maana wako wanaoamini mwanamke akishuka dhahabu inajificha, lakini akanipa kofia na buti. Ngazi ya miti. Doto alitangulia. Kila penye gogo lililozuia ukuta alilipiga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo akashuka. Kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Msimamizi akamuuliza, "Mwalimu, umechimba miaka mingapi?"

Akajibu, "Mitatu."

Mitatu! Aliniambia alimaliza kidato cha nne akaenda chuo moja kwa moja.

Chini kuna joto na maji yanadondoka. Aliweka kiganja ukutani, hakukiondoa. Sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Tulipovuka daraja kurudi, aliegesha gari pembeni. Akanieleza bila kunitazama.

Yeye ndiye Kulwa.

Doto alikuwa na akili ya shule. Kulwa aliishia darasa la saba, akaenda kuchimba ili amsomeshe mwenzake. Doto alifaulu, akapata barua ya chuo cha ualimu, akaenda machimboni kumwonyesha kaka yake. Siku ya pili Kulwa alilala na homa. Doto akavaa buti zake, akashuka badala yake, maana zamu ikikosa mtu nafasi inachukuliwa na mwingine. Duara likatitia. Waliokuwa juu walijua aliyeshuka ni Kulwa. Walimtoa Kulwa. Walimpeleka kwao Kulwa, wakamzika Kulwa. Kulwa mwenyewe alipozinduka, walikuwa wameshaondoka na maiti; alifika nyumbani kesho yake, ana homa, amebeba begi la mdogo wake lenye barua.

Akaenda chuo kwa barua ile, usiku akijifunza kwenye madaftari ya mdogo wake. Miaka kumi na moja sasa.

Mwezi wa sita alinipeleka kijijini kwao, kwenye kaburi la pacha wake. Alisimama anatazama jina lake mwenyewe msalabani, na mimi nikampa pole. 

Jumapili, 10 Agosti

Tangazo la kwanza. Mchungaji akasoma jina la Doto na langu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Mwenye pingamizi alikuwa benchi la tatu, amevaa kitenge kipya. Sikufungua mdomo. Watu wakapiga vigelegele. Nikapokea pongezi hadi mashavu yakauma.

Jumatano, 13 Agosti

Namchukia. Nampenda. Vyote siku moja, na inachosha.

Nikisema, anapoteza kazi, labda anafungwa. Darasa lake la saba wana mtihani mwezi ujao na wanamwamini kuliko baba zao. Nikinyamaza, cheti cha ndoa kitaandikwa jina la marehemu. Nitakuwa mjane tangu siku ya harusi na mume wangu yuko mezani anakula.

Leo alikuja akasimama mlangoni. Nikamwambia hilo la ujane. Akaweka mkono kichwani. Nikafunga mlango. Sijuti.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda kwa mama yake, kijijini, mbele ya Kolandoto. Peke yangu. Nilikwenda nimejaa hasira, nimekariri maneno yote njiani.

Kijiji kizima wanamwita Mama Kulwa. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, akanipa kigoda na maziwa. Nikamwambia kwamba najua. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa aliyoniambia. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Ng'wanone, mwanangu, nilikuwa na wawili. Mmoja kaletwa amefunikwa. Tumemzika. Kesho yake mwingine kaja kwa miguu na begi la mwenzake. Watu wamejaa uani. Nikamwona, nikajua. Mama hakosei. Nikafungua mdomo nimwite, likatoka jina la Doto. Sikupanga. Likishatoka mbele ya watu unalirudishaje?"

Nilifikiri mwanawe ndiye aliyeiba jina. Kumbe alipewa na mama yake, mlangoni, akiwa na homa.

Akaendelea, "Nikaona nimebaki na wote. Jina la mmoja, mwili wa mwingine. Doto sijamlilia mpaka leo. Ningemliliaje, na watu wanamwona anakwenda kazini?"

Maneno yangu yote niliyokariri yaliisha. Nikamaliza maziwa.

Jumapili, 17 Agosti

Mchungaji hakututaja. Akasoma ndoa za wengine, akafunga kitabu. Kanisa zima likanigeukia. Nilijua kwa mara ya kwanza wakati ule ule walipojua wao.

Kumbe mchumba wangu alikwenda kwa mchungaji alfajiri akasema kila kitu. Mimi hakuniambia. Nilikuwa nimejiandaa kumshinikiza, kumlilia, kumtishia. Hakuniachia kazi hata moja.

Jumatatu, 18 Agosti

Amepeleka barua ofisi ya elimu. Ameiandika kwa mkono, ukurasa mmoja, na chini amesaini Kulwa. Wamemwambia arudi nyumbani asubiri, mambo yatakwenda ngazi za juu. Asiingie darasani.

Nimeogopa. Niliutaka ukweli, na sasa umekuja hauna mshahara. Mjomba amepiga simu kuuliza kama bado naolewa na "huyo tapeli". Nikamkatia. Nilikuwa sijajua jibu mpaka nilipomkatia.

Jumamosi, 23 Agosti

Tumekuja kijijini wawili.

Alipiga magoti mbele ya mama yake akamwambia ameshalirudisha jina. Mama aliendelea kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Kisha akaweka ungo chini, akatoka, akaenda kwenye lile kaburi, akapiga yowe. Doto. Doto wangu. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja.

Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena.

Majirani walitoka mbio. Mayu, mama wee, nani amekufa? Akawaambia, Doto. Wakamwangalia mwanawe aliyesimama pale, wakaangaliana. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mzee mmoja akamshika mkono akasema, "Pole, Kulwa," na wengine wakafuata, mmoja mmoja, pole Kulwa, pole Kulwa. Kila mmoja alipompa mkono, yeye alilia upya.

Wakaleta kuni na mikeka. Wanaume wakakaa uani, wanawake tukaingia jikoni. Msiba kamili. Harusi tumeisogeza mpaka arobaini ipite.

Jioni niliosha vyombo kisimani na wanawake wa jirani. Mmoja, mgeni pale, aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu.

Nikamwambia, shemeji yake.