Breki za Gari la Salumu

Jumamosi, Cheyo.

Wivu huu utaniua. Salumu, mtani wangu Mzaramo, kanunua gari la mbio la yule Mzungu anayerudi kwao. Jekundu, viti viwili tu. Mimi fundi mzima naendesha baiskeli.

Aliniita nilikague kabla hajalipa. Injini safi, chasisi haijapinda. Lakini breki zinavuja, pedali inazama mpaka chini. Nikamwambia huku nacheka, “Mtani, breki hazishiki. Nunua ufe, nimrithi mkeo!”

“Mnyamwezi we, kabebe mizigo!” Akacheka, akalipa.

Nilijua atadhani ni utani. Ndiyo maana nikasema vile. Mungu anisamehe.

Kesho anampeleka mkewe Nzega. Alfajiri nitakuwa mlangoni kwake. Sitamwita mtani. Nitamwita Salumu, naye ataogopa.