Leza Nyekundu Imekufa

Jumatatu, 4 Machi

Mashine yangu imepima! Nimerudia na kurudia, jibu ni lile lile. Leza, ule mwale mkali wa nuru, inapita kwenye uzi wa kioo, inamulika kipande cha nyama, nuru inarudi, na mashine inasoma urefu wa wimbi lake. Daktari ataingiza uzi huo mwilini, aone na kupima ugonjwa papo hapo. Nilitaka kupiga vigelegele. Badala yake nikafagia, maana kaka alikuwa anaingia na hapendi karakana chafu.

Kaka akasoma namba, akampigia simu mnunuzi anayeitaka mashine. Akasema amefanikiwa. Yeye! Mtu asiyeweza kubadilisha betri za rimoti.

Kisha akafanya upuuzi wake wa kila siku. Akashika uzi, akachungulia ncha kama anayechungulia tundu la ufunguo. Bahati yake nilikuwa nimezima. Nimemwambia mpaka mdomo umekauka — leza ya kupimia haionekani kwa macho, lakini nikiielekeza kwenye karatasi nyeusi, karatasi inatoa moshi. Ndiyo maana nimeichanganya na leza nyekundu, hafifu, ya ishara tu. Ukiona wekundu kwenye ncha, uzi uko hai, kaa mbali. Akasema mimi mwoga kama marehemu baba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano, 6 Machi

Amebandika kibati juu ya mashine. Jina lake, peke yake, kwa herufi za dhahabu.

Nikaenda kwa mama kulalamika. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata macho. Akasema karakana ni ya kaka, baba alimwachia yeye, mimi nitaolewa niende zangu. Nikamwambia nina miaka arobaini na moja. Akasema basi hata hilo limenishinda. Akaendelea kukunja soksi za kaka. Soksi za kaka! Mwanamume ana mke, ana kitambi, na bado mama anamkunjia soksi.

Nimelia chooni. Nawachukia wote wawili.

Ijumaa, 8 Machi

Leza nyekundu imekufa. Yenyewe! Asubuhi nimewasha, mashine inanguruma, kipimo kinasoma sawasawa, ila ncha ya uzi ni giza tupu. Spea iko kwenye droo. Kuibadilisha ni kazi ndogo, chai haipoi.

Sijaibadilisha. Nina shughuli nyingine.

Jumamosi, 9 Machi

Bado.

Nijidanganye humu ili iweje? Nimeshinda nikiwaza jicho la kaka. La kulia, ndilo analochungulia nalo. Haliumi hata kidogo, linaungua kimya kimya. Halafu kila anachokitazama, katikati kuna doa. Atazame kibati chake — doa. Nikacheka peke yangu. Kicheko kikanitisha, nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumapili, 10 Machi

Nilikwenda kwake kumwambia. Kweli nilikwenda! Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sebule imejaa wageni, wifi anagawa soda. Kaka akanishika bega, akawaambia huyu ndiye yaya wa mashine yangu, hana mume, hana mtoto, kwa hiyo haombi ruhusa. Wakacheka. Wifi akacheka. Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikamaliza soda yangu, nikaaga. Neno nimerudi nalo.

Jumatatu, 11 Machi

Wanunuzi wameshaketi. Kaka kaniamuru nikae kwenye mashine na niandike muhtasari. Haya, naandika humu. Kavaa suti mpya, inambana makwapani. Anaeleza alivyohangaika kubuni huu uzi, alivyokosa usingizi. Anatamka "mawimbi" huku anapunga mkono kama anafukuza nzi. Wanatikisa vichwa. Wapumbavu!

Kasema washa. Nimewasha. Mashine inanguruma. Ncha giza.

Mnunuzi mmoja anauliza mbona hakuna mwanga. Kaka anacheka — jasho hilo! Anasema wekundu ni hafifu na chumba kina mwanga mwingi, ila mtu akisogeza jicho karibu kabisa atauona. Hanitazami, haniulizi. Ataniulizaje mimi mbele za watu? Sawa. Chungulia basi, kaka. Chungulia.

Hachungulii. Anageukia viti vya nyuma. Kumbe kamleta mama! Anasema wa kwanza kuiona kazi yake awe yule aliyemzaa. Makofi.

Si mama! Mama hakuwa kwenye hesabu zangu. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema — na mchumaji ni nani sasa, yeye au mimi? Swichi iko hapa karibu na kiwiko. Nikizima wataona mashine imekufa, na kaka atawaambia nimeharibu mimi. Mama anakuja polepole, goti linamsumbua, kajipaka hata mafuta ya kunukia. Kaka anampa uzi. Watu wamesimama wapate kuona.

Mama anavua miwani. Anageuka — si kwa kaka, kwangu. Ananiuliza kwa sauti ya chini, ya aibu, asisikiwe na wageni: mwanangu, niangalie wapi?

Kaka anasema nisiache kuandika. Mama ameinua uzi, bado anasubiri nimjibu