Kura Arobaini na Moja

Jumapili, 23 Februari

Daftari, hujambo? Natumaini umetoka dukani salama na baridi haikukuumiza njiani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto tu. Mume wangu Rosaire naye hajambo. Tangu turudi Misa amelala kwenye kiti, mdomo wazi.

Sijawahi kuandika shajara. Nimepika shuleni miaka ishirini na sita, na nilichoandika ni orodha ya viazi. Ni Padre Luc aliyenituma. Nilimwambia kwenye kitubio kwamba naongea sana, nashauri hata nisiyeulizwa. Akasema, andika, Odile, daftari halichoki. Sijui kama ilikuwa ni malipizi au ni yeye aliyechoka.

Nimeanza vibaya. Natoka tu kanisani, nikaona ukingo wa paa la nyumba ya Padre umeshika barafu nene. Nikarudi. Nikamwambia achukue soksi ndefu za kike, azijaze chumvi ya kuyeyushia barafu, azilaze juu ya paa, maji yatapata njia ya kushuka. Akauliza padre atapata wapi soksi ndefu za kike. Nikamletea zangu. Pea tatu. Sasa zimelala pale juu ya paa, miguu inaning'inia — na Alhamisi ya wiki ijayo anakuja askofu.

Jumatano, 26 Februari

Saa kumi na mbili jioni, barua ya majirani imeingia kwenye kompyuta. Mji wetu hauna gazeti, tuna barua hii. Kila mtu anaandika shida yake, wengine wanamjibu. Leo Elwood wa kule darajani anauliza bomba la jikoni limeganda, afanyeje. Nimemjibu: fungua milango ya kabati joto liingie, acha maji yadondoke tone tone, na usitumie moto wa gesi, unakumbuka mapazia. Mwingine anauliza theluji ikiziba barabara siku ya kura itakuwaje. Thelma, karani wa mji, kamwambia achukue karatasi ya kura mapema ofisini, asisubiri kulia.

Chini kabisa kulikuwa na tangazo. Mzee Hollis, mkadiriaji wetu wa nyumba, amehamia Florida kwa binti yake. Ndiye aliyekuwa akipita kutazama nani kaongeza chumba, nani kabadili paa, anaandika kwenye kadi, na kadi ndiyo inayoamua kodi. Nyumba ikipendeza, kodi inapanda. Hakuna aliyejitokeza kugombea nafasi yake. Ikikosa mtu, baraza la mji litaleta kampuni ya nje.

Winnie alikuja kusoma tangazo hilo mara mbili kwenye kompyuta yangu, kana kwamba yake haina herufi. Winnie ni jirani yangu wa ukuta, mjane wa mwaka wa tatu. Mwaka jana tuligeuza banda lake la gari kuwa saluni. Nasema tuligeuza kwa sababu mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuziba ukuta na kupandisha sakafu, na ombi la ruzuku ya biashara ndogo tuliliandika pamoja mezani pangu, nikitia chumvi panapohitaji. Jimbo la Vermont likampa. Viti viwili, sinki, dirisha kubwa. Kwenye kadi ya mji bado ni banda la gari, tupu, halina joto. Hollis alikuwa na macho mabaya. Au adabu nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa mji, ukumbini shuleni. Tumebishana saa mbili juu ya kibanda cha kituo cha basi la shule — kiwe kijani au kahawia. Bajeti ya mwaka mzima ikapita kwa dakika nne. Kahawia imeshinda.

Nililetwa mbele kupakua maharage, na kila aliyefika na sahani alinitabasamia kuliko maharage yanavyostahili. Nikadhani ni upendo.

Tukapiga kura. Penye mkadiriaji pana mstari mtupu, unaandika jina la umtakaye kwa mkono. Nikauacha. Rosaire alikaa kwenye chumba cha kura muda mrefu kwa mtu ambaye huwa anamaliza kabla kofia haijapoa.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Thelma amepiga simu nikiwa na majivu kwenye paji. Akasema, hongera. Nikamuuliza ya nini. Akasoma: mkadiriaji wa nyumba, miaka mitatu, Odile Gagnier, kura arobaini na moja. Elwood kura tatu. Ng'ombe wa akina Pruitt kura mbili.

Nilikaa kwenye ngazi.

Rosaire kakiri kwamba kura moja ya ng'ombe ni yake. Anasema alikuwa ananilinda. Alijua tangu Jumatatu, kila mtu alijua. Kampeni ilifanyika kwenye saluni ya Winnie: kila kichwa kilichoinamishwa kwenye sinki kilitajiwa jina langu, na mtu mwenye povu masikioni habishi.

Winnie mwenyewe kaja adhuhuri na keki. Si Mkatoliki, hajui siku za kufunga. Nimeiweka juu ya friji, nageuza uso.

"Odile, wewe ni wetu," kasema. "Mgeni angekuja na kamera. Wewe utakuja na macho ya jirani."

Nikamuuliza macho ya jirani yanaona nini. Kasema yanaona kinachotosha.

Kwaresima hii nimeahidi kutompa mtu ushauri. Siku arobaini. Ee Mungu wangu, nisaidie.

Ijumaa, 7 Machi

Ahadi yangu haina kazi hata kidogo. Hakuna anayeuliza.

Barua ya majirani imegeuka maombolezo. Wiki iliyopita walikuwa wanajisifu mabati mapya na madirisha ya vioo viwili. Leo, kila nyumba inaanguka. Mmoja ana sakafu iliyooza. Mwingine anaishi na panya kama ndugu. Akina Pruitt, waliojenga ghala jipya msimu wa majani kupukutika, wameandika kwamba ghala lao "halijatulia". Elwood nimepita kwake: kibaraza chake kipya, ambacho mimi mwenyewe nilimwambia mbao za mwerezi haziozi kwa maji, amekifunika na turubai la buluu kutoka paa hadi chini. Nikapunga mkono. Kajitokeza kwenye upenyo, kaniamkia vizuri, kanyoosha turubai.

Dukani nikiingia wanahamia kwenye mazungumzo ya hali ya hewa. Watu arobaini na mmoja walinitaka. Sasa sijui nimsalimie nani.

Jana Padre Luc alipokea askofu. Soksi hakuzitoa. Askofu kaziangalia, kauliza kama zinafanya kazi, kasema naye ana paa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeapa.

Kabla ya hapo nilimwendea Winnie, nikamwambia labda nikatae. Tulikaa jikoni kwake. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alitoa bahasha ya kodi ya mwaka huu, akaiweka katikati ya meza bila kuifungua, kama mtu anayekuonyesha picha ya marehemu. Akasema ile tu anailipa kwa kubana. Saluni ikiingia kwenye kadi kama saluni, hawezi. Atauza, aende kwa dada yake Ohio, akalale chumba cha wageni chenye baiskeli ya mazoezi. Na nikikataa, kampuni itakuja, haitauliza habari za Ohio.

"Sikuombi udanganye," kasema. "Nakuomba usiwe na haraka."

Nikamuuliza Padre. Kanikumbusha Mathayo, mtoza ushuru, jinsi Bwana alivyomwita palepale mezani. Ndiyo Padre, lakini alipoitwa aliiacha ile meza. Mimi ndiyo naitwa kuikalia.

Basi ofisini kwa Thelma nikanyoosha mkono. Kaniuliza nataka kiapo chenye jina la Mungu au kile kisicho nalo, sheria inaruhusu. Nikafikiri Mungu yupo hata kwenye kile kisicho nalo, kwa hiyo ni afadhali aitwe kwa heshima. Nikasema kila nyumba nitaikadiria kwa haki, bila woga wala upendeleo, Mungu anisaidie. Sauti ilikuwa ya kwangu. Thelma akanipa tepu ya kupimia, funguo, na sanduku la kadi. Akasema kadi zilizobadilika zirudi kabla ya Aprili mosi. Kisha akashusha sauti akaniuliza kama choo cha nje kinahesabiwa. Ana cha nje.

Jumatano, 12 Machi

Kadi za mtaa wetu nimezitandaza mezani. Nilijisemea nianze na ninayoijua — ya kwetu. Mtu akifagia, aanze mlangoni kwake.

Daftari, nimeaibika. Kadi ya nyumba yangu: vyumba vitatu, bafu moja, chini ya nyumba "pabichi, udongo". Udongo! Rosaire alipamiminia saruji mwaka binti yetu Colette alipopata komunyo ya kwanza. Kisha akaweka bafu. Kisha chumba chenye jiko, mama yake alipokuja kukaa nasi. Nimefua kule chini miaka kumi na tisa, nimemuogesha mkwe wangu kule mpaka alipofariki. Kwa mujibu wa mji, nilikuwa namuogesha kwenye udongo.

Nikamwita Rosaire. Nikamuuliza kama Hollis alijua. Kasema Hollis alikuwa akija, wanakunywa kahawa huku juu.

Hakushuka?

Kasema ngazi zilikuwa kali kwa miguu ya Hollis.

Nikachukua kalamu. Rosaire akaniambia niandike kwa penseli, nikasema kiapo sikula kwa penseli. Nikaandika bafu. Nikaandika jiko. Nikaandika sakafu ya saruji, kavu, hali nzuri — maana ni nzuri, kazi yake ni nzuri, na nilitaka angalau hilo lisomeke.

Akasimama nyuma yangu akisoma. "Mke wangu," kasema, "ng'ombe asingetufanyia hivi."

Tangu chakula cha mchana anazunguka na bisibisi. Katengeneza hata bawaba ya kabati ambayo haikuharibika.

Ajabu ni kwamba nilipomaliza nililala usingizi wa mtoto. Nilipoamka ndipo nikakumbuka: kodi yetu ikipanda, pensheni mbili zitaibeba kwa kujibanabana. Winnie hana wa kujibana naye. Uaminifu wangu umenigharimu nyama ya Jumapili. Kwenye kadi yake utamgharimu nyumba. Sasa haki ni ipi, ya kupima wote kwa tepu moja? Nimesali Rozari nzima. Nimepata amani. Jibu sijapata.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha Winnie. Nina rangi kichwani na taulo shingoni.

Nilimpigia jana kumwambia nakuja kupima banda saa nne asubuhi. Kasema saa nne ana nafasi ya kichwa. Nikasema si kichwa, Winnie, ni banda. Kasema basi vyote viwili, na mvi zangu zinaonekana toka barabarani. Nikaja. Hela nimeziweka kwenye kopo lake kabla sijakaa, ili isije ikasemwa nimehongwa.

Kaniosha nywele taratibu kuliko siku zote. Kaongea kila kitu — msimu wa tope, gari la Elwood lililozama hadi milango, dada yake Ohio anayepiga simu kila Jumapili kumuuliza anakuja lini. Hilo la mwisho kalisema akiwa nyuma yangu, sikuona uso wake. Joto linapanda kutoka sakafuni hadi magotini. Ni mimi niliyemwambia apitishe mabomba ya maji ya moto chini yake. Goti langu halijauma tangu nilipokaa.

Alipomaliza kupaka kafungua mkoba wangu mwenyewe, katoa tepu. Kanipa boksi la tepu nishikilie hapa ukutani, kiti kilipo. Yeye kachukua ncha, akatembea nayo kuelekea ukuta wa pili.

Hakufika.

Kasimama kwenye kiti cha pili. Kainama, kanasa ncha ya tepu kwenye mguu wa kiti, akavuta kuona kama imekaza. Nyuma yake kuna hatua tatu nzima: sinki, dirisha kubwa, rafu za taulo, ndipo ukuta. Kanitazama. Hakutabasamu.

"Nimefika," kasema. "Soma."

Simu ikalia ndani ya nyumba, akaenda. Mlango kauacha wazi. Yupo pale, nasikia kila neno. Ni mteja, anataka kutengenezwa wiki ya Pasaka. Winnie anamwambia nafasi ipo, aje, aje na binti yake pia.

Tepu imetulia. Futi kumi na nne kamili. Namba safi, isiyo na nusu wala robo, Hollis angeipenda. Kadi iko pajani, penye urefu nimeandika "futi", nikakomea hapo. Nikinyanyuka kwenda kuinasua ile ncha na kuipeleka ukutani, atarudi anikute kule. Nisiponyanyuka, atarudi anikute hapa.

Kalamu ni ileile. Ya wino.

Anamwambia mteja Mungu akubariki, huwa anaishia hapo. Daftari, wewe huchoki, Padre kasema. Nijibu upesi, tafadhali, anaweka simu chini.