Kazi Njema, Mheshimiwa

Khamisa, natafuta pa kuuficha uso. Ndio kwanza nimetoka kwenye jopo la leseni hapa Kwale.

Si wajua walivyoamuru mgahawa wangu ufungwe mpaka kesi iishe? Leo nilikwenda kuomba ruhusa ya kukata rufaa juu ya hiyo amri ya muda. Nilitakiwa nionyeshe jambo moja tu, kwamba nikingoja kesi iishe nitakuwa nimeangamia. Wiki nzima nimefanya mazoezi mbele ya kioo, hata machozi nilikuwa nayo tayari.

Mwenyekiti ni mama wa makamo, mtu wa Vanga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza habari za nyumbani. Njema. Watoto? Hawajambo. Na kazi?

Nikasema kazi njema, alhamdulillahi, hatuna neno.

HATUNA NENO, Khamisa. Mgahawa una kufuli, nami nashukuru.

Wakili wa upande wa pili, Jethro, mtu wa bara, akasimama papo hapo. "Mheshimiwa, muombaji mwenyewe amekiri kazi ni njema. Rufaa ya nini?"

Yale machozi yakaja, lakini ya aibu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Wakili, huku kwetu hata aliyefiwa hujibu njema." Ruhusa akanipa.

Kisha akanigeukia. "Bi Sumaiya, huko Mahakama Kuu ukiulizwa hali, taja shida yako. Umenielewa?"

Unajua nilimjibu nini?

"Nimeelewa, mheshimiwa. Hatuna neno."